Uchakavu wa Cherehani

Uongo njoo kwangu mimi mjinga wa hesabu, niliyekaa darasa la tatu miaka mitatu.

Bwana Hasnuu, tajiri wa mtaa, alinikodisha cherehani mpya ya laki tano. Alisema umri wake miaka mitano, kwa hiyo kila mwaka, mbali na kodi, nikamlipa laki moja ya uchakavu. Mwaka wa nne ulipokwisha, mafuriko yakaisomba. Akanishitaki kwa sheha.

"Bi Mize anilipe laki tano zangu, au nichukue nyumba yake."

"Baba, hiyo si bei ya mpya? Ile ilikuwa imechakaa kama mie."

"Uchakae wewe. Cherehani yangu ilikuwa mpya vile vile."

"Haikupungua hata kidogo?"

"Hata sindano."

"Basi nimeshindwa. Sheha, andika hivyo."

Sheha akaandika. Hasnuu akatia saini huku akiyacheka meno yangu mawili. Nikaweka laki moja mezani.

"Na nne ziko wapi?"

"Unazo wewe, baba. Nilikulipa za uchakavu miaka minne, na leo umetia saini kwamba haikuchakaa."