Arobaini ya Bi Kidugamba

Zamani sana, wanangu, ukungu ulipokuwa bado unatembea msituni kwa miguu yake na miti ikiitikia salamu, palikuwa na mchungwa mmoja pembezoni mwa mbuga. Kivuli chake kilikuwa kizito. Maua yake yalipofunguka, hata upepo ulipita kwa kunyata, kama mtu anayepita chumba cha mtoto aliyelala.

Katika tawi la chini la mchungwa huo aliishi Bi Kidugamba. Huenda mmewahi kumwona mkadhani ni kipele cha mti. Ni mdudu mdogo kama punje ya mtama, laini, wa kijani, na mgongo wake umefunikwa na gamba kama chakula kilichofunikwa kawa. Hatembei. Alipokuwa msichana alitembea kidogo, akapapenda mahali, akachomeka mdomo wake mwembamba kwenye tawi, akaanza kunywa utomvu. Akanywa, akanywa, na hakuondoka tena.

Alichoshindwa kukimaliza kilidondoka. Tone, kisha kimya. Tone, kisha kimya. Na kila tone lilikuwa tamu kama asali.

Majani ya chini yalinata kwa utamu huo. Mengine yaliota weusi kama masizi ya chungu, maana ndivyo utamu ufanyavyo ukikaa sana bila kulambwa. Mlambaji alikuwa mmoja tu, Sisimizi, jirani yake, mama mwenye kiuno chembamba na maneno mengi.

Asubuhi moja Ndovu alipita hapo. Huyu Ndovu alikuwa mkubwa kuliko nyumba, lakini alilelewa na bibi zake watatu, na jambo alilojivunia kuliko nguvu zake ni adabu. Hata konokono alimsalimu. Alinyoosha mkonga akachuma jani moja la mchungwa, akalitia mdomoni, akafumba macho.

"Mmh," alisema. "Mmmh. Mti huu una mzinga tumboni."

Akachuma la pili, na la tatu.

"Kulamba jani moja moja ni kazi ya wadudu. Nitaung'oa, niupasue, ninywe asali yote kwa mara moja."

Akalizungushia shina mkonga wake. Akavuta. Mchungwa ukalia *kwaa*, maua yakamwagika kama mvua nyeupe.

Kule tawini Sisimizi alianza kukimbia huku na huku.

"Shoga, tuondoke. Tumekwisha."

"Wewe una miguu, shoga," alisema Bi Kidugamba. "Mimi mdomo wangu umeota ndani ya mti. Na chini ya gamba hili nina mayai ambayo hayajaanguliwa. Nitakwenda wapi?"

"Basi tulie."

"Tulie kwa nini? Huyu si amelelewa na bibi zake?"

"Wanasema hivyo. Sasa?"

"Sasa wewe ni mkunga. Funga kanga vizuri, nenda ukamwambie kuna mzazi ndani."

"Lakini hujazaa."

"Nitazaa. Nenda, kabla mizizi haijatoka."

Mnajua desturi hiyo, wanangu. Mama akijifungua, hukaa ndani mpaka atoke arobaini. Nyumba yake haipigiwi kelele, moto wake hauzimwi. Anayekuja hupiga hodi kwa sauti ndogo, huleta maji ama kuni, kisha huenda zake. Wanyama wa wakati ule waliishika desturi hiyo kama tunavyoishika sisi.

Sisimizi akateremka mpaka kwenye ncha ya jani lililokuwa karibu na sikio la Ndovu.

"Shikamoo, Bwana Ndovu."

Ndovu akaachia shina, kwa kuwa haiwezekani kuitikia vizuri huku unang'oa mti. "Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo. Ila nimeshangaa. Umekuja kwenye nyumba ya watu bila hodi?"

"Nyumba? Huu ni mti."

"Kwako mti. Kwetu nyumba. Na ndani mna mzazi."

Masikio ya Ndovu yalisimama. "Mzazi?"

"Mbichi kabisa. Hata maji ya kumkanda hayajachemka, wewe unatutikisia kuta. Watu wakisikia watasema nini? Watasema Ndovu hakufundwa."

Neno hilo lilimwingia kama mwiba kwenye wayo. Lakini hakuwa mjinga kabisa. Alitazama juu, akatazama chini.

"Nyumba yenye mzazi huwaka moto," alisema. "Mbona sioni moshi?"

Sisimizi akageuka kutazama juu. Hapo sauti ndogo ikatoka tawini, sauti ya mtu aliyelala chali.

"Bwana, moto wa wadudu hauna moshi wa kuonekana. Tazama majani ya jikoni kwangu, kisha uniambie."

Ndovu akainamisha kichwa. Akaona majani meusi. Akapitisha ncha ya mkonga juu yake, ikatoka nyeusi tii.

"Masizi," alinong'ona. "Lo. Kweli kunapikwa."

Akarudi nyuma hatua kadhaa, kwa vidole vya miguu, yeye na ukubwa wake wote.

"Nisamehe, Bi. Hongera kwa uzazi. Nitarudi ukitoka arobaini."

"Ahsante. Ukirudi usije mikono mitupu," alisema Bi Kidugamba.

Ndovu akaenda mtoni, akajaza mkonga maji ya kumkandia mzazi, akayamwaga shinani taratibu, kama mtu anayemimina chai ya mgeni. Kesho yake akaleta tena. Kiangazi kilikuwa kikali mwaka ule, na miti mingine ilikauka imesimama. Mchungwa ule ukazidi kuchanua.

Siku zikaenda. Ndovu akaja, akapiga hodi kwa sauti ndogo.

"Karibu," alijibu Sisimizi.

"Bi ametoka arobaini?"

"Ametoka jana."

"Basi naung'oa."

"Ungeweza, bwana. Ila binti wa dada yake, yule wa tawi la juu, amejifungua leo alfajiri. Bado hajala hata uji."

Ndovu akashusha pumzi ndefu, vumbi likaruka. Akaenda mtoni.

Alipokuja tena, alikuwa amejifungua mwingine, wa tawi la upande wa jua. Akaja tena, mwingine wa upande wa kivuli. Ndovu akajifunza kuja kimyakimya. Akajifunza kusimama akipepea matawi kwa masikio yake, ili joto lisiwaamshe watoto. Na akisimama hivyo, tone lilimwangukia ulimini. Tone, kisha kimya. Mara nyingine alisinzia akiwa wima, akaota kwamba mchungwa ni wake na kwamba mawingu ni maua.

Sisimizi alicheka mpaka kiuno kikamuuma. "Shoga, umemgeuza yaya."

"Usicheke kwa nguvu," alisema Bi Kidugamba. "Ataamka."

Ikafika asubuhi moja ya baridi. Ndovu akapiga hodi, asijibiwe. Sisimizi alikuwa ameinama juu ya tawi. Ndovu akasogeza jicho lake kubwa. Gamba la Bi Kidugamba lilikuwa palepale, limekauka, jepesi kama ganda la kitunguu, na mwenyewe hakuwamo tena.

"Amekwenda?" aliuliza Ndovu.

"Amekwenda, bwana. Ndivyo wanavyokwenda wao."

Ndovu akasimama. Mkonga wake ukagusa shina, ukabaki pale. Sisimizi akahesabu moyoni uongo wote aliobakiza, akaona hautoshi. Mwenye akili hayupo, na mwenye nguvu ameshika mti.

Ukingo wa gamba ukainuka kidogo. Kichwa kidogo kikachungulia, na kingine, na kingine. Vitoto visivyozidi chembe ya vumbi vikatoka, vikatambaa tawini vikitafuta pa kukaa. Kimoja kikapanda juu ya ncha ya mkonga.

"Shikamoo, babu," kilisema.

Ndovu hakuwa amewahi kuitwa hivyo. Alitafuta sauti ndogo kuliko zote alizonazo.

"Marahaba, mjukuu wangu. Unakwenda wapi?"

"Natafuta jani. Nikiolewa nitazaa hapa."

"Tafuta pole pole," alisema Ndovu. Akakitua kwenye jani bichi, akaachia shina, akageuka kuelekea mtoni.

Hadithi yangu nimeiacha chini ya mchungwa, wanangu, na ninyi chukueni hili: mwenye nguvu usimshike mkono, mshike adabu yake.