Damu ya Upande wa Mama

Paukwa!
Pakawa!
Mwenye kupiga miayo apige sasa, nikianza sitaki miayo.

Hapo zamani za kale, katika kijiji kimoja, palikuwa na kikongwe, Bi Somoe. Alikuwa mwepesi wa hasira na hakujua kumung'unya maneno. Mpwawe, Shee, alimwoa Mwanamize. Mwana wao wa kwanza aliingia kumbini kutahiriwa. Wenzake wakapona. Yeye damu ilimtoka churuzi, churuzi, churuzi, mpaka akafa.

Sasa mdogo wake, Fumo, akijikwaa tu, churuzi, churuzi. Na jando limekaribia.

Shee akaita waganga. Wa kwanza akapiga ngoma, ndi! ndi! ndi! "Shetani huyu. Anataka mbuzi mweusi." Mbuzi akachinjwa. Damu churuzi.

Wa pili, ndi! ndi! ndi! "Mzimu wa babu. Unataka ubani." Ukafukizwa. Damu churuzi. Bi Somoe akasonya.

Wa tatu hata mtoto hakumtazama. Alimtazama mama. "Mtoto huyu katoka nje ya ndoa." Mwanamize akaangua kilio.

Bi Somoe akaipiga ngoma teke. Bu!

"Mwongo mkubwa we! Hujui, sema hujui!" Akamgeukia mpwawe. "Nanyi mmeuliza ukoo upi?"

"Wetu, shangazi. Mtoto ni wa kwetu."

"Kwetu nani aliwahi kufa kwa damu?"

"Hakuna."

"Hakuna! Na mnazidi kuchimba hapo hapo! Mtoto alikaa tumboni mwako?"

Akashika mkongojo, ko, ko, ko, mpaka kwao Mwanamize. Akamkuta mama yake anapepeta mpunga.

"Mwenzangu, ulikuwa na ndugu wa kiume?"

"Nilikuwa nao. Mmoja alifia kumbini. Mwingine aling'olewa jino, damu haikukatika."

"Na wajomba zako?"

"Mmoja alikwenda hivyo hivyo."

"Na nyinyi wanawake?"

"Sisi wazima, kama unionavyo."

Bi Somoe akajishika kichwa. "Ya Rabi! Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Mliniita kuzika. Kuuliza hamkuniita."

Bi Somoe akauokota mkongojo. Akarudi, ko, ko, ko, akawakusanya watu.

"Damu ya Fumo haigandi. Huo ndio ugonjwa. Unapita kwa mama, unamwangukia mwana wa kiume. Mama haumwi, wala hana kosa."

"Basi mimi namwacha mke huyu," akasema Shee.

"Mwache! Ukimwacha, damu ya mwanao itaganda? Sema, itaganda?"

Bi Somoe akamnyooshea Fumo mkongojo.

"Kaupata kwa mamake, kama alivyopata ile pua. Na pua nayo aombe radhi?"

Watu wakacheka. Ngariba, mwenye kisu cha jando, hakucheka. "Na mila je, Bi Somoe?"

"Mila inataka mwanamume au inataka maiti? Ataingia kumbini, ataimba, atafundwa. Kisu hakimgusi!"

Na kwa kuwa hakuwaamini ngariba na wenzake, alitandika jamvi mlangoni pa kumbi, akala hapo, akalala hapo.

Siku ya kutoka, vijana wakatoka na kanzu mpya. Fumo yumo, anaimba. Wanawake wakapiga vigelegele. Mwanamize akapenya katikati yao. Akamkumbatia mwanawe tu.

Tangu hapo, kijijini pale kijana haingii kumbini kabla habari za wajomba zake hazijaulizwa.

Basi nyie, ugonjwa ukiingia nyumbani, ulizeni pande zote mbili kabla hamjamtwika mtu lawama. Hadithi yangu nimeitua hapo. Anayetaka kubisha, akamuulize mama yake kwanza.