Bibi Lubaba na Rehani Isiyokataliwa

Wacha Mungu waliotutangulia wamesimuliana, mmoja akampokeza mwenziwe hadi kikatufikia sisi, kisa cha mama mmoja aitwaye Bibi Lubaba, Mwenyezi Mungu amrehemu na alitie nuru kaburi lake. Aliishi katika mji mdogo wa milimani huko Yemen. Jina la mji huo limepotea njiani, nami sitawadanganya kwa kulibuni. Nijualo ni kwamba alikuwa mjane, kwamba binti zake waliolewa mbali wasiweze kumrudia, na kwamba nyuma ya nyumba yake, kando ya kisima, palikuwa na tuta la mrehani alilolipenda kuliko chochote alichobakishiwa duniani.

Msomaji wangu, usiudharau mrehani kwa kuwa umeota uani kwako. Bibi Lubaba aliujua kama mama ajuavyo kilio cha mwanawe. Majani machache yakitiwa kwenye mchuzi wa dengu, chungu kikiwa kimekwisha epuliwa, chakula cha maskini hunukia kama cha harusini. Mwenye mafua alifukizwa kwa mvuke wake chini ya shuka. Mwenye tumbo lililojaa gesi alipewa maji yake ya vuguvugu, na watoto walipakwa majani yaliyopondwa ili mbu wawaache walale. Siku ya Ijumaa alitawanya vitawi kwenye mikeka ya msikiti. Mtu akifariki, yeye ndiye aliyeitwa kuleta rehani, yaani vitawi vya mrehani huo, ya kuweka ndani ya sanda, maiti aende kwa Mola wake akinukia.

Lakini mchuzi ni wa kula wawili, naye alikuwa akila peke yake. Alipika dengu za kujaa kiganja tu. Alipoingia ndani alitoa salamu, kama ilivyo adabu hata kwa nyumba isiyo na mtu, kisha akasimama kidogo kizingitini kana kwamba huenda leo ataitikiwa. Watu walimheshimu, tena sana. Walikuja kuchukua rehani, wakashukuru, wakaenda zao. Heshima haiketi mkekani ikazungumza nawe. Bibi Lubaba alikuwa mpweke, na upweke ulimuuma kama njaa.

Sasa sikilizeni alichofanya, na msimcheke. Katika mji ule ilikuwa desturi, nayo ni ya Waislamu wengi, kwamba mtu akipewa rehani haikatai. Ni nyepesi kubeba na harufu yake ni njema. Ya nini kumvunja moyo aliyekupa? Hata mwenye haraka, hata mwenye kinyongo, husimama akapokea, akanusa, akamwombea dua mtoaji. Bibi Lubaba aliona mlango humo. Kila siku baada ya sala ya alasiri alisimama nje kwake na kishada mkononi, na kila apitaye akanyooshewa kitawi. Mhunzi alisimama. Mchuuzi wa maziwa alisimama. Hata mabwana wa sokoni, ambao hawasimami kwa mtu ila mnunuzi, walisimama. Naye, kabla hawajageuka, alikuwa amekwisha kuuliza habari ya mtoto, ya ng'ombe, ya goti linalouma. Watu wakasema, "Tazameni ukarimu wa mama huyu!" Akainamisha macho, wakadhani ni unyenyekevu.

Siku moja mke wa kadhi alishikwa na homa kali, akaitwa Bibi Lubaba kwenda kumfukiza. Alipoingia chumbani, watumishi walikuwa wametoka kuchota maji. Akaweka mkono kwenye paji la uso wa mgonjwa, akakuta jasho limemtoka na mwili umepoa. Mgonjwa akafumbua macho, akaomba maji ya kunywa. Homa ilikuwa imekwisha kuondoka, kwa rehema ya Mungu, kabla jani moja halijaingia chunguni. Bibi Lubaba alitia rehani yake hata hivyo, kwa kuwa ndilo aliloitiwa. Watu wa nyumba waliporudi wakamkuta mgonjwa amekaa kitako, na mvuke umejaa chumba kizima.

"Rehani ya Bibi Lubaba!" wakapiga vigelegele.

Akafumbua kinywa aseme. Lakini tayari walikuwa wamemkalisha kwenye mto, wamemzunguka, wamempa sharubati, na mkono wa mke wa kadhi umeshika wake na hauachi. Ni nani alikuwa amemshika mkono tangu mumewe afariki? Akayameza maneno pamoja na sharubati.

Habari ikaenea kama moshi wa kuni mbichi. Tangu siku hiyo Bibi Lubaba hakuwa na haja ya kusimama mlangoni. Wanawake walikuja kwake na vikapu vya uzi, wakakaa mchana kutwa, wakila dengu zake na kusimuliana habari za waume zao. Alizoea kucheka. Alinunua chungu kikubwa. Na kila ilipotajwa homa ya mke wa kadhi, yeye alisema tu, "Mungu ndiye mponyaji," kauli ya haki kabisa, aliyoishika ili asiseme ile nyingine. Wapo kati yetu mafundi wa jambo hili. Husema haki moja kubwa ili kuifunika haki ndogo inayowagusa wenyewe.

Kati ya wote, Bibi Lubaba alimpenda zaidi Hunaida, mke kijana wa mtia rangi nguo. Hunaida alikuwa yatima aliyeletwa kutoka bonde jingine, hana ndugu mjini. Alimwita "mama", akamchana nywele na kumsukia vitawi vya rehani kama bibi harusi, na Bibi Lubaba alikaa kimya chini ya vidole vile, akimshukuru Mungu.

Kisha mumewe Hunaida, Jabala, akaugua kichomi. Kila alasiri Hunaida alikuja kuchukua rehani, na siku moja alipokuwa akiifunga kwenye kanga yake alisema kwa furaha:

"Mama, tabibu alikuja tena leo na madawa yake. Nimemwambia asijisumbue. Rehani yako inatutosha."

Bibi Lubaba akamgeukia. "Mpe na dawa ya tabibu pia, mwanangu."

"Ya nini? Si wewe uliyemnyanyua mke wa kadhi?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Bibi Lubaba akamtazama binti huyo, akaona kwamba akisema atampoteza, na nyumba itarudi kuwa kama ilivyokuwa. Akanyamaza. Hunaida akambusu mkono, akaenda zake.

Usiku ule alijaribu kusali akakosa khushui, moyo haukutulia. Asubuhi alijaribu tena. Ilipofika alasiri alisujudu, akanusa kwenye mkeka harufu ya mrehani alioutandaza mwenyewe, na mkeka ukamwia mgumu kama changarawe. Akasalimu, akainuka, akaingia walimokaa wanawake. Hunaida alikuwa miongoni mwao, akingoja fungu lake.

"Enyi ndugu zangu," alisema, "mke wa kadhi alikuwa amekwisha kupona nilipoingia. Homa ilikuwa imemwacha. Rehani yangu haikufanya kitu. Hunaida, mwanangu, kimbia ukamwite tabibu."

Kisha mmoja wao, mama mtu mzima, akauliza, "Na mbona hukutuambia siku zote hizi, Bi Lubaba?"

"Kwa sababu mlikuwa mnakuja."

Hunaida alikuwa amekwisha kutoka. Alikimbia bila viatu. Wengine wakainuka mmoja mmoja, bila matusi na bila kuaga. Na wakafanya jambo ambalo halijawahi kufanywa katika mji ule: kila aliyekuwa na kitawi cha rehani alikiweka mkekani, akakiacha. Bibi Lubaba akabaki na chungu kikubwa cha dengu, na rehani iliyorudishwa imetapakaa miguuni pake.

Jabala alifariki baada ya siku chache. Tabibu aliulizwa kama angepona lau angetibiwa mapema. Alijibu kwa insafu na haki: wapo aliowatibu tangu siku ya kwanza wakafa, na wapo aliochelewa kuwatibu wakaishi, elimu ya hilo iko kwa Mungu. Jibu hilo halikumponya mtu. Si Hunaida, wala si Bibi Lubaba.

Ukaanza upweke ambao ule wa kwanza ulikuwa mchezo mbele yake. Watu walipita njia nyingine. Hakusimama tena mlangoni, maana alikuwa ameijua nia yake: miaka yote ile watu walimwita mtoaji, kumbe alikuwa akiomba. Aliyesimama njiani na kishada alikuwa mwombaji aliyewafunga wapita njia kwa desturi yao njema. Alilia kwa hilo zaidi ya alivyolia kwa kuachwa. Hata hivyo hakuacha kuumwagilia mrehani, kwa kuwa wagonjwa wa mafua na maiti wa sanda hawakumkosea. Kila alfajiri alifunga vishada akavitundika kwenye ukuta wa nje, akaingia ndani na kufunga mlango, mwenye haja achukue asilazimike kumwona wala kumwamkia. Vilichukuliwa. Alisikia nyayo zikija na kuondoka, akavumilia, asichungulie.

Hunaida naye alikuwa ndani ya eda. Siku za matanga nyumba yake ilijaa, halafu, kama tujuavyo sote, ikapungua hadi ikabaki na yeye. Bibi Lubaba aliposikia hayo alifikiri sana. Maisha yake yote alikuwa amengoja watu waje kwake. Hakuwahi kwenda kubisha mlango wa mtu bila kuitwa. Akajitanda buibui. Akatazama vishada vilivyotundikwa, akanyoosha mkono, kisha akaurudisha. Akienda na rehani, Hunaida hataweza kumfungia mlango. Akaenda mikono mitupu.

Alibisha, akajitaja jina. Hakufunguliwa. Akaketi kidogo barazani, akarudi. Kesho yake akaenda tena, na siku zilizofuata, jua likiwaka na mvua ikinyesha, bila kusema neno la ziada. Waliopita walimwona ameketi hapo kama mtu aliyefukuzwa, na wako waliocheka.

Siku moja sauti ikatoka ndani, "Umekuja kuomba radhi?"

"Nimekuja kukaa nawe, ukinitaka. Usiponitaka nitaondoka."

Kisha Hunaida akasema, na sauti ilikuwa imepasuka kwa kilio, "Sijakusamehe. Sidhani kama nitaweza leo."

"Sikuja kudai, mwanangu."

Komeo likasogezwa. Hunaida alikuwa amekonda, na nywele zake zilikuwa hazijachanwa kwa siku nyingi.

"Ingia," akasema. "Nimechoka kukaa peke yangu."

Wapokezi wa kisa hiki wametofautiana kama Hunaida alimsamehe kabla eda haijaisha au miaka mingi baadaye. Wameafikiana katika hili, kwamba hawakuachana tena hadi mmoja alipomwosha mwenziwe siku ya kuzikwa.

Ndugu yangu, kuna jirani yako ambaye kila upitapo hukupa kitu: embe, habari, kitawi cha mrehani. Unapokea, unashukuru, unaendelea na njia, na unadhani umetimiza. Kesho ingia, ukae. Mola wetu atujaalie ukweli ulimini hata ukituachia nyumba tupu, na wala asituache wapweke hapa wala huko tuendako. Amin.