Kwa Nini Wabeba Chumvi Hunyanyuana

Sogeeni karibu, na ninyi wa nyuma acheni kunong'ona, mjue kilichotokea pale chini ya mlima.

Zamani hizo wabeba chumvi wote walibeba sawa. Tenga moja mgongoni, kipimo kimoja, awe mtu wa miraba minne au kimbaumbau. Hiyo ndiyo waliyoiita haki. Na aliyetua tenga njiani alikosa fungu lake. Basi Nakijwa, mwanamke mwembamba hasa, alijua kwamba akitua hatapata chumvi, ng'ombe wake aliyeanza kukauka maziwa kwa kukosa chumvi hatakamuliwa tena, na mtoto wake atalala njaa. Akakaza meno, akatembea.

Tambarare ilimtesa. Mbele yake Senkondo, pande la mtu, alikwenda akiimba kana kwamba amebeba pamba. Nakijwa aliuchukia wimbo ule! Kizunguzungu kikamshika, na katikati ya kijito akateleza.

Senkondo akageuka, akamdaka! Akamnyanyua juu juu, yeye na tenga lake, kabla halijagusa maji.

“Jamani!” akapiga kelele. “Dada, wewe na mzigo wako hamnifikii uzito mimi peke yangu! Tenga hili ni nusu ya mwili wako!”

Msafara mzima ukalipuka kwa maneno. Mzee Kirumbe, kiongozi wao, akaamuru nusu ya chumvi ya Nakijwa ihamie kwa Senkondo. Nakijwa akajisikia mwepesi hata akatamani kucheza.

Lakini mlima ulipoanza, wimbo wa Senkondo ulikatika. Kila hatua ilimbidi apandishe chumvi, na kabla ya chumvi aupandishe mwili wake mwenyewe, naye Senkondo hakuwa mtu wa kubebeka. Jasho likamchuruzika. Akayumba, mikono ikashika kamba za tenga ili alitue.

“Usitue, kaka!” Nakijwa akamkimbilia. “Nirudishie yangu, nimeshapumua!”

Wakagawana palepale, wamesimama. Walifika kijijini kwao juu pamoja, wakapokewa kwa vigelegele. Ng'ombe alilamba chumvi, na haikupita siku nyingi mtoto wa Nakijwa akanywa maziwa mpaka akasinzia na povu mdomoni.

Na tangu siku hiyo, wabeba chumvi wakifika chini ya mlima hunyanyuana kwanza kupima uzito wa kila mwili, huku wakitaniana, ndipo wagawane mizigo. Mdogo hunyanyuliwa na mmoja. Mkubwa hunyanyuliwa na wote, wakahema, na hapo hakuna tena anayemwongezea chumvi.