Kiboko na Kipimo cha Sikio

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa dimbwi!
Na dimbwini kuna nani?
Kuna bwana mkubwa!

Basi huyo bwana mkubwa alikuwa Kiboko. Kiangazi kilikausha mito yote, likabaki dimbwi moja, naye akajilaza humo, bwata! Kila aliyekuja kunywa aliambiwa, "Wakubwa kwanza, watoto baadaye." Na kwa Kiboko, kila aliye mdogo kuliko yeye ni mtoto. Pundamilia mwenye wajukuu, mtoto. Kobe kizee, mtoto. Hiyo baadaye yenyewe haikufika.

Mama Komba, kamnyama ka mtini kenye macho makubwa, alikuwa na kichanga mgongoni. Kiu ilikikausha midomo hata kulia kikashindwa. Uchungu wa mwana ukamshika, akashuka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mtoto. Wakubwa kwanza..."

"Najua, babu. Ila kule shuleni kwa binadamu nimeona ukubwa unavyopimwa. Mwalimu husema: pitisha mkono juu ya kichwa, shika sikio la upande wa pili. Mtoto mdogo hafiki, kichwa chake kikubwa, mikono mifupi. Akikua, mikono hurefuka kuliko kichwa, sikio analishika. Lakini wewe, babu, wa nini kupimwa..."

"Nisipimwe kwa nini?" Kiboko akafura. "Waite wote! Naapa, atakayeshika sikio ndiye mkubwa, amri ni yake. Asiyeshika ni mtoto, atii!"

Wanyama wakaja mbio. Kiboko akatoka majini ili wamwone vizuri. Akainua mguu wa kulia: ukafika shavuni, puu! akaanguka. Akainua wa kushoto: ukafika shavuni, puu! akaanguka. Shavu lenyewe halina mwisho.

Pundamilia akajaribu, wapi. Kobe akajaribu, hata kichwa kikapotea gambani.

Mama Komba akapitisha mkono juu ya kichwa, nyaku! Sikio hilo hapo.

"Mkubwa ni mimi," akasema. "Nyinyi nyote ni wanangu. Na mimi kwangu watoto hunywa kwanza, aliye mdogo kabisa ndiye anaanza."

Kichanga chake kikainamishwa majini. Gu, gu, gu! Kikafumbua macho. Mama mtu akalia kwa furaha mbele za watu, bila haya. Kisha Kobe, gu, gu, gu! Kisha Pundamilia, gu, gu, gu!

"Na mimi?" akanong'ona Kiboko.

"Wewe, mwanangu, umekua mno. Subiri wadogo zako."

Angeweza kuwakanyaga wote, lakini kiapo alikitoa mwenyewe, tena kwa sauti. Akakaa kando, jua likimchoma mgongo.

Hadithi imekomea hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chachu, nitaila mwenyewe. Funzo lake: wakubwa waheshimiwe bila kupimwa. Nawe unayejishika sikio huko nyuma, shusha mkono! Hapa mkubwa ni mimi, na hilo sufuria la uji lianzie kwangu.