Sultani na Mwalimu wa Mjukuu Wake

Hapo zamani, katika mji wa Tumbwani, palikuwa na fukara mmoja akiitwa Ngwali Kanzumoja, na jina hilo alipewa kwa sababu siku anayofua kanzu yake alikuwa hatoki nje mpaka ikauke. Hakuwa na shamba wala mbuzi. Alikuwa na ulimi tu, nao leo humpatia wali, kesho humpatia bakora.

Basi Sultani wa mji ule, Sefudini bin Tawakali, alifikwa na jambo zito. Maji ya Tumbwani yalishuka kutoka Milimani, na mfalme wa huko alikuwa akitishia kuuziba mto. Akaleta habari kwamba atamtuma mjumbe aje wasikizane, lakini mkalimani hamtaki, maana mkalimani wa mwisho alichomeka maneno yake mwenyewe hata nusura vita vizuke. Sultani na aseme Kimilima kwa kinywa chake, ama sivyo watu wake watakunywa vumbi.

Sultani akakusanya wanazuoni. Wakamkalisha juu ya mito ya hariri, wakamsomea kanuni za lugha hiyo tangu asubuhi hata adhuhuri. Naye kila akitaka kutamka neno hutazama kwanza nyuso za mawaziri, akaona haya kukosea, akafumba kinywa. Ikawa mjumbe yu karibu kufika, na Sultani hajui hata kuomba maji.

Asubuhi moja akamsikia mjukuu wake Zaituni, mtoto asiyejua bado kuvaa viatu vyake, akigombana na yaya wake kwa Kimilima kitupu. Yaya yule alikuwa mwanamke wa Milimani. Sultani akaduwaa.

"Ni nani amemfundisha mtoto huyu?"

"Sijui, bwana wangu," akasema yaya. "Mimi nafua nguo tu."

Sultani akaghadhibika, akidhani anafichwa. Akaamuru aletwe Ngwali, kwani alikuwa amepata habari ya neno alilolisema sokoni.

"Ewe Ngwali, wasema mimi nina walimu wengi kuliko maneno?"

"Nilisema, bwana. Njaa ilinituma."

"Basi nitafutie mwalimu wa mjukuu wangu, anifundishe kama alivyomfundisha yeye. Ukimkosa, toka katika mji wangu, wala usirudi."

Ngwali akaenda kujikunyata uani, akamtazama mtoto. Zaituni alikuwa amekaa mchangani. Akamnyooshea kidole kuku, akauliza ni nini. Yaya akamwambia. Akalitamka lile neno vibaya, wapishi wakacheka. Naye akacheka pamoja nao, akalitamka vibaya zaidi, akarudia tena na tena, hata lilipokaa sawa akamkimbiza kuku ampashe habari ya jina lake. Ngwali akapumua.

Akarudi barazani. "Ewe Sultani, mwalimu nimemwona. Ila, bwana wangu, wataka kufundishwa vilevile kama mtoto?"

"Vilevile! Pasipunguzwe hata kitu kimoja. Naapa mbele ya wote walio hapa."

"Basi shuka."

"Nishuke wapi?"

"Kitini, bwana. Mtoto alikuwa mchangani."

Mawaziri wakashika vichwa. Lakini kiapo cha Sultani hakirudi kinywani. Akavua kilemba, akaenda kukaa uani mbele ya banda la kuku. Ngwali akamfunga kitambaa kifuani, akamletea uji.

"Na uji pia?" akafoka Sultani.

"Uliapa pasipunguzwe kitu."

Sultani akanywa uji. Kisha, kwa shingo upande, akanyooshea kidole sufuria, akauliza ni nini. Yaya akamwambia jina lake. Akakosea. Wapishi wakajiziba midomo wasicheke.

"Chekeni!" akasema Ngwali. "Mtoto alichekwa!"

Wakacheka hata mwiko ukaangukia jivuni. Sultani akawiva usoni, mkono ukaenda kwenye jambia. Hapo Zaituni akamshika ndevu, akamrekebisha lile neno polepole, kama mtu anavyomlisha mgonjwa. Babu akalirudia. Likakaa. Akacheka mwenyewe, na tangu saa ile hakunyamaza. Akauliza kinu, akauliza moshi, akauliza nzi, hata yaya akaomba ruhusa apumzishe koo.

Siku mjumbe alipofika, watu walijaa barazani, na Ngwali akasimama nyuma ya nguzo. Sultani akanyoosha mkono kumwambia mgeni, "Karibu uketi." Akakosea neno dogo tu, akamwambia, "Karibu utage."

Mjumbe akatazama kiti, akamtazama Sultani.

"Nimekosea," akasema Sultani kwa Kimilima. "Ndiyo kwanza najifunza. Hebu nisahihishe."

Mjumbe akacheka hata machozi yakamtoka, akasema, "Tangu nizaliwe sijasikia mtawala akiomba kusahihishwa. Mtu wa namna hii tutasikizana naye." Wakazungumza mpaka jua likapinda, na mto haukuzibwa.

Sultani akampa Ngwali nyumba na ng'ombe wa maziwa, akamwuliza, "Lakini mwalimu mwenyewe mbona hukumleta?"

"Nilimleta, bwana. Ni kule kuuliza bila haya. Alikuwa akikungojea chini, nawe ulikuwa umekaa juu."

Sultani akacheka, na neno lile likamwingia. Akaishi hata nywele zikawa pamba, na kila mwaka akajifunza jambo jipya: kusuka ukili, kuoka mkate, kutibu mbuzi. Mwisho akashika zumari, akawa anaipuliza kila alasiri, na mji mzima ukaziba masikio huku ukicheka, naye akicheka kuliko wote. Hayo ndiyo yaliyokuwa Tumbwani; aliyesikia na amsimulie asiyesikia.