Sanduku la Kivumoni

Hapo zamani, jiji la Kivumoni lilipokuwa na taa kila kona na maji kila nyumba, hazina yake ilikaa ndani ya sanduku la chuma. Kila mwaka mahamali walilibeba mabegani, wakalizungusha mitaani watu wauone uzito wake. Desturi ilikuwa moja tu: sanduku halishuki chini. Atakayelishusha anafukuzwa jijini, yeye na wanawe.

Basi, taa zikazimika. Mabomba yakakauka. Kipindupindu kikaingia. Sanduku likazidi kuwa zito, na Meya akazidi kunenepa.

Mwaka huo, diwani Bi Mwanakheri alijitoma barabarani mbele ya msafara. Wiki hiyo alikuwa amemzika mjukuu wake, na uchungu ulizidi woga wake.

“Lishusheni tuone!”

“Mwondoeni huyo mama!” Meya akafoka. Askari wakamkamata mikono.

Hapo Chande, kiongozi wa mahamali, akasimama. Akawatazama wanawe pembezoni mwa barabara. Akainama, na wenzake wakainama naye. Sanduku likagusa ardhi, na umati wote ukasogea karibu.

Bwana Shekiondo, mhazini, alikuwa na ufunguo mfukoni. Jasho likimtiririka, akafungua.

Mawe matupu!

Meya akatoroka. Watu wakataka meya mpya siku hiyohiyo.

“Mimi nilisema mlipoogopa kusema,” alianza Bi Mwanakheri.

“Na bajeti za Meya je? Si ulikuwa ukinyoosha mkono kuzipitisha kila mwaka?” mtu akapaza sauti. Bi Mwanakheri akainamisha kichwa. Ilikuwa kweli, na ilimchoma.

“Mimi niliwaweka wanangu hatarini,” alisema Chande. “Bega langu lilijua zamani kwamba ni mawe. Nilinyamaza kwa ajili ya posho, sikatai. Ila leo nimelishusha.”

Shekiondo akajifuta uso. “Mawe niliyatia mimi, kwa amri. Lakini aliyefungua ni nani? Na fedha zilikofichwa najua mimi peke yangu. Nipeni kiti, kesho mabomba yatatoa maji. Mkininyima, zitafuteni wenyewe.”

“Mwizi mkubwa wee!” watu wakapiga kelele. Wengine wakasema, “Mwacheni! Watoto wetu wanakufa!”

Bi Mwanakheri alitamani kumrarua. Kisha akamwona mama mmoja amembeba mtoto aliyelegea, midomo imemkauka, akarudi nyuma.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, msinitazame mimi. Mtoto yule hawezi kungoja. Kiti cha Kivumoni, je, mngempa nani?